Jembe Shuleni: Historia ya Shamba la Shule Tanzania

Shamba la shule ni kipande cha ardhi kinacholimwa na wanafunzi chini ya walimu wao, ili wajifunze kilimo na, mara nyingi zaidi, ili shule ipate chakula au fedha. Katika ardhi ya Tanzania shamba hilo lina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Limelimwa chini ya wamisionari, chini ya Waingereza na chini ya serikali ya wananchi, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kumpa mtoto jembe. Wazazi, kwa upande wao, waliuliza karibu kila mara swali lilelile: mavuno ni ya nani? Jibu la swali hilo, kuliko mtaala wowote, ndilo lililoamua kama mtoto angemaliza shule akikijua kilimo au akikichukia.

Kabla ya shule kuwapo, kilimo kilifundishwa kondeni, tena kwa undani. Wamatengo wa milima ya Mbinga walilima, na bado wanalima, kwa ngoro. Masika yakielekea ukingoni nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana mteremkoni hadi zitengeneze miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba hufukuliwa na kutupwa juu ya nyasi, ukabaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata huja mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kufyeka ilikuwa kazi ya wanaume, kufukua kazi ya wanawake, na mtoto aliyefuatana na mama yake alijua ngoro kabla hajajua kuhesabu mashimo yake. Kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria, watu walibanana mno kiasi cha kutoweza kuhamahama na mashamba. Walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakatumia samadi kila mwaka, na ndani ya uwele wakapanda marejea ili yarudishe rutuba. Wachaga nao walikuwa na kihamba: migomba, kahawa baadaye, miti ya kivuli na mifereji ya maji iliyogawiwa kwa zamu. Hakuna kati ya mifumo hii iliyosubiri bwana shamba aje kuieleza.

Shule za kwanza za bara kuchanganya kitabu na jembe zilikuwa za misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto walisoma, wakajifunza ufundi, na sehemu kubwa ya siku wakawa shambani, kwani misheni ilipaswa kujilisha. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu majengo na mimea, kazi ikaanza upya. Vijana waliooana walipelekwa kuanzisha vijiji vya Kikristo vya ndani zaidi, kama Mhonda mwaka 1877. Serikali ya Kijerumani, iliyofungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilihitaji makarani na maakida kuliko wakulima waliosoma. Utafiti wa kilimo iliuweka Amani, Usambara, mwaka 1902. Karibu na wakati huo ilianza kuwalazimisha watu wazima wa kusini-mashariki kulima mashamba ya pamoja ya pamba kwa malipo kiduchu. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Habari hiyo si ya shule, lakini bila kuijua ni vigumu kuelewa kwa nini baadaye wazazi walilitazama kwa jicho la mashaka shamba lolote lililolimwa kwa amri.

Waingereza walileta fikra iliyotoka mbali. Huko Marekani, vyuo vya Hampton na Tuskegee vilikuwa vikiwafunza Wamarekani weusi kilimo na ufundi baada ya utumwa kukomeshwa, na wafadhili wengi waliona mfano huo unafaa Afrika. Mwaka 1924 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji: afya, nyumba bora na, zaidi ya yote, kilimo. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera wenye mwelekeo huohuo, na Kabete, Kenya, ikafunguliwa shule ya Jeanes ya kuwaandaa walimu wa kuzunguka kutoka shule moja ya kijiji hadi nyingine.

Jaribio la ajabu kuliko yote lilifanyika Malangali, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanganyika, kuanzia mwaka 1928. Mkuu wa shule, W. Bryant Mumford, aliwaalika wazee waje kufundisha mila, akawavisha wanafunzi mavazi ya kienyeji, akaruhusu ngoma za mikuki, na kuwapa ng'ombe wa kutunza na mashamba ya kulima. Kwa zama zile ilikuwa heshima isiyo ya kawaida kwa maarifa ya wenyeji. Hata hivyo, aliyeamua kipi cha asili kibaki na kipi kiondoke hakuwa mwenyeji, na shule ya serikali yenye sura ya kijiji haikuwa kile ambacho wazazi wengi walikuwa wakikitafuta walipompeleka mtoto shule.

Miaka ya 1950 fikra hiyo ilienezwa nchi nzima kupitia shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Shule hizi zilipewa mwelekeo wa kilimo: vipande vya ardhi vya wanafunzi, mzunguko wa mazao, matumizi ya samadi, makinga maji. Kitaalamu mengi yaliyofundishwa humo yalikuwa sahihi, na mwalimu wa kilimo endelevu wa leo angeyatambua mara moja. Lililoyaangusha lilikuwa jingine. Shule zilitengwa kwa rangi, na shamba halikuwa na nafasi kama hiyo katika shule za Wazungu wala za Waasia. Mshahara wa karani ulikuwa wa uhakika kuliko bei ya pamba. Mzazi aliyelipa karo aliona mwanawe akirudishiwa jembe alilotaka kumwondolea, na viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, wakaliona jambo hilo kama njia ya kumbakiza Mwafrika chini.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu wazima kuhifadhi udongo kwa sheria ndogo na faini. Katika milima ya Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950 uliwataka wakulima wachimbe matuta ya ngazi, kazi nzito ambayo katika sehemu nyingi ilifukua udongo mbaya wa chini na kuufunika ule wenye rutuba. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukasitishwa. Mtoto aliyefundishwa darasani faida za makinga maji alirudi nyumbani akakuta baba yake akitozwa faini kwa kutoyachimba. Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, mwelekeo wa kilimo ulikuwa umekwisha kuachwa karibu kila mahali, na waliousikitikia walikuwa wachache.

Shamba la shule lilizaliwa upya mahali ambapo serikali haikuwa imepanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa TANU kilianzisha makazi Litowa, wilaya ya Songea, wakalima pamoja na kugawana walichopata. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, RDA. Litowa ilikuwa na shule ya msingi iliyopokea watoto wa vijiji vya umoja huo, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka. Pale mtoto hakufanyiwa mazoezi ya kilimo ili ajibu maswali. Shamba lilikuwa chakula chake, na kazi ya shule ilikuwa sehemu ya kazi ya kijiji. Wanafunzi walikuwa na sauti katika kupanga kazi, na hesabu na sayansi zilishikana na yaliyokuwa yakitendeka shambani. Hapakuwa na haja ya kumshawishi mzazi, kwa kuwa mzazi mwenyewe alikuwa mwanachama wa kijiji kilichoitaka shule ya namna hiyo. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliifahamu Litowa vizuri, na alama zake zinaonekana katika waraka alioutoa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha kutangaza siasa ya ujamaa: Elimu ya Kujitegemea.

Waraka huo ulianza kwa takwimu iliyouma: wanaomaliza shule ya msingi na kupata nafasi ya sekondari hawakuzidi asilimia 13. Hata hivyo shule iliwaandaa wote kana kwamba wangeendelea, na waliobaki wakajiona wameshindwa. Nyerere alitaka elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe, na umri wa kuanza shule usogezwe ili anayemaliza awe amekomaa kiasi cha kuishi kama kijana wa kijijini. Kila shule iwe pia jumuiya ya uchumi, yenye shamba au karakana inayochangia chakula chake. Kuhusu ukulima wenyewe waraka ulikuwa wa kiasi. Haukuahidi matrekta. Ulishauri shule itumie zana ambazo mkulima wa kawaida angeweza kuzipata, ishauriane na mabwana shamba, na iwaite wakulima hodari wa jirani waje kufundisha, ili ivunjwe dhana kwamba elimu ni ile ya kitabu peke yake. Wanafunzi washiriki kuamua, na walio wavivu waione njaa ya uvivu wao. Kwa maneno mengine, mavuno yawe yao, na hasara pia.

Utekelezaji ulikuwa wa kila namna. Ratiba za shule zilipata vipindi vya kujitegemea, ambavyo watoto na walimu walivifupisha kuwa EK. Shule za pamba zililima pamba, za korosho zikapalilia mikorosho, nyingi zikalima mahindi, mihogo na maharage, zikafuga kuku au nguruwe. Zilizokuwa na mwalimu mwenye moyo ziligeuza shamba kuwa darasa: watoto walipima eneo, wakahesabu miche, wakalinganisha tuta lenye samadi na lisilo nayo, wakaandika insha juu ya palizi. Jaribio lililoandikwa sana lilikuwa la Kwamsisi, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilifanywa pamoja na Chuo cha Ualimu Korogwe chini ya mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO uliojulikana kama MTUU. Masomo ya Kwamsisi yalipangwa kuanzia matatizo ya kijiji chenyewe, na wanakijiji walishiriki kufundisha. Litowa, kwa upande wake, haikuwa na muda mrefu. Septemba 1969 TANU iliivunja RDA, ikidai kwamba ujamaa uongozwe na chama chenyewe. Nchi ilichukua wazo lake na kuua chanzo chake ndani ya miaka 3, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu kilichobaki baada ya hapo kilikuwa agizo.

Na maagizo yalikuja mengi. Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ukaleta uhaba wa chakula na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na shule, kama kila taasisi, zikatakiwa kuonyesha ekari zilizolimwa. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977, na likasisitiza shule zizalishe ili zibebe sehemu ya gharama zake. Wanafunzi wa msingi, waliokuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974, walifika takriban milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa UPE, kama mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulivyofupishwa kwa Kiingereza, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa wakiwa kazini, ndio waliobeba mzigo huo. Kumtaka mwalimu wa namna hiyo, mwenye darasa la watoto 70 na chaki zinazokwisha, awe pia mtaalamu wa udongo kulikuwa kumtwisha asichokiweza.

Hapo ndipo shamba la shule lilipopata sifa mbaya ambayo bado halijaivua. Ekari zilihesabiwa, somo halikuhesabiwa. Mahindi yalipandwa mwaka baada ya mwaka palepale, bila kunde katikati na bila samadi, hata shamba la shule likawa mfano wa jinsi ardhi inavyochoshwa. Mavuno yaliuzwa, na fedha zikanunua mipira, mabati au posho ya wageni, wakati watoto walioyapalilia wakishinda na njaa hadi saa nane. Baadhi ya walimu waliwatuma wanafunzi kulima mashamba yao binafsi. Baya zaidi lilikuwa adhabu: aliyechelewa mstarini, aliyepiga kelele, aliyekosa jibu, wote walipewa jembe au fyekeo na kupimiwa eneo. Shule iliyohubiri heshima ya kazi za mikono saa mbili asubuhi iliitumia kazi hiyohiyo kama fimbo saa nne. Mtihani wa darasa la saba ulichangia pia. Baada ya Musoma iliagizwa kwamba mwenendo na kazi za mwanafunzi navyo vihesabiwe, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache na aliyezipata aliendelea kuwa yule aliyejibu vizuri kwenye karatasi.

Marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 yalilimaliza shamba hilo taratibu, bila tangazo. Ada zilirudi, vijiji vya ujamaa vikalegea, na neno kujitegemea likaanza kumaanisha mzazi kuchangia. Kilimo kilipungua hadi kuwa mada moja miongoni mwa nyingi ndani ya somo la Stadi za Kazi, jirani na upishi na ushonaji. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena kupitia MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002. Watoto walimiminika, madarasa yakajengwa, na mara nyingi yalijengwa juu ya shamba.

Kenya ilipita njia nyingine ikafika karibu na palepale. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni ufupisho wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa vilabu vya vijana vya 4-H vya Marekani. Mtoto alijiunga kwa hiari, alitunza kipande au mnyama wake, na akashindana kwenye maonyesho ya kilimo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikiingiza kilimo katika masomo ya msingi na kukitahini, na palipo na mtihani wa maandishi watoto hukariri. Aina za mbolea zilitajwa kwa ufasaha na watu ambao hawakuwahi kugeuza rundo la mboji. Vilabu vilififia, vikazinduliwa upya Juni 2021, wakati mtaala wa umilisi ulipokuwa umekwisha kuleta kilimo cha vitendo katika darasa la nne na kuendelea.

Kufufuka kwa bustani za shule Tanzania hakukutokana na kilimo moja kwa moja. Kulianzia kwenye mazingira. Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa mwaka 1980, viliwafundisha watoto juu ya wanyamapori na misitu. Mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha Dar es Salaam kikundi cha wanafunzi cha Roots & Shoots, kilichoenea baadaye hadi nchi nyingi. Vitalu vya miche vikawa jambo la kawaida shuleni, na kutoka mche wa mti hadi mche wa mchicha si mbali. Mwaka 2005 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo wa bustani za shule uliosema wazi kwamba kusudi la kwanza ni mtoto ajifunze na ale vizuri. Kupatia shule fedha kuliwekwa nyuma. Ni tofauti ndogo kwa maandishi, kubwa kwa matendo: bustani inapimwa kwa kinachojulikana na mtoto, na hivyo inaweza kuwa ndogo.

Mbinu nazo zimebadilika. Katika Uluguru ileile ya ghasia za 1955, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011 na kuwa na makao yake Morogoro, limekuwa likiwafundisha wakulima kilimo hai, na matuta ya ngazi ni miongoni mwa mambo wanayoyachimba kwa hiari, kwa sababu mboga zinazotoka humo ni zao na soko liko karibu. Katika shule, yanayofundishwa zaidi leo ni yale yasiyohitaji fedha: kutengeneza mboji kwa majani, samadi na majivu, kufunika tuta kwa nyasi kavu ili unyevu usikimbie, kuchanganya mahindi na kunde, kupanda mboga kwenye viroba na makopo pale ambapo ardhi haipo, kuandaa dawa ya wadudu kwa mwarobaini. Mzee wa Ukara au Mbinga angekuta humo machache tu ya kumshangaza.

Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka ujuzi wa vitendo upewe uzito zaidi kuliko zamani. Utafaulu kwa kadiri shule zitakavyoepuka kuitaka bustani ifanye isichoweza. Chakula cha mchana katika shule nyingi za msingi hutegemea mahindi na maharage yanayochangwa na wazazi, na robo ekari haiwezi kuwalisha watoto mia kadhaa ugali. Inaweza kuwapa mchicha, matembele na mapapai ya kuongeza kwenye makande, mbegu za kupeleka nyumbani, na somo la sayansi linaloonekana kwa macho. Bustani idaiwe hayo. Unga utoke kwingine.